LSAT bila mafumbo

Ndugu zangu wa Tanga huniuliza swali lilelile kila nikitaja LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria za Marekani: mtu ameshamaliza chuo, digrii anayo, mtihani wa kuingia wa nini tena? Wana haki ya kuuliza. Kwetu sheria unaianza ukitoka kidato cha sita. Ukifaulu vizuri tahasusi yako, HGL au HKL, ukaomba chuo, ukachaguliwa, basi, umeingia. Huku Marekani sheria ni digrii ya pili. Mtu anasoma kwanza miaka minne ya kitu chochote, awe wa muziki, wa kemia, wa historia ya dini, halafu ndipo anaomba shule ya sheria kwa miaka mitatu mingine. Sasa utampimaje mpiga piano wa chuo kidogo cha Iowa mbele ya mtu wa hisabati wa New York? A ya huyu si A ya yule. Tangu Februari 1948 jibu lao limekuwa mtihani mmoja wa nchi nzima, ambao hauulizi hata swali moja la sheria.

Wenye shahada ya sheria ya Tanzania au Kenya wanaokuja kusoma LL.M., yaani uzamili wa sheria, kwa kawaida hawaukuti kabisa, na pengine ndiyo maana haujulikani sana nyumbani. Unawakuta watoto wetu wanaokulia huku, na watu kama mimi tulioanza upya. Mimi niliufanya zama za penseli. Siku hizi, Jumamosi asubuhi, nawasaidia vijana wachache wa hapa Ohio kujiandaa nao, wengi wao Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Kigoma. Kwa hiyo nimeuona mtihani huu ukibadilika nikiwa nimeushika mkononi, na nina neno la kusema juu ya badiliko moja, lile la Agosti 2024 la kuondoa sehemu ya mafumbo ya mantiki, ambalo karibu kila mtu alilishangilia.

Lakini tuanze mwanzo, maana mwanzo wake unaeleza mengi.

Mwaka 1945 Frank Bowles, aliyekuwa akisimamia udahili katika shule ya sheria ya Columbia, alimwandikia barua mkuu wa College Board, bodi ya mitihani ya kuingia vyuo, akipendekeza mtihani wa kupima uwezo wa kusoma sheria. Jambo lenyewe halikuwa jipya. Mitihani ya aina hiyo ilikuwa imejaribiwa hapa na pale tangu miaka ya 1920. Kilichokuwa kipya ni msongamano. Vita vimekwisha, askari wanarudi, na sheria ya mwaka 1944 inawalipia masomo. Novemba 1947 wawakilishi wa Columbia, Harvard na Yale wakakaa kikao, na miezi mitatu baadaye mtihani wa kwanza ukafanyika. Kasi hiyo hadi leo inanishangaza. Siku hizi kuhamisha kitufe tu kwenye skrini kunachukua miaka miwili ya tafiti na matangazo.

Walichokitaka kilikuwa kitu kimoja: namba ya kubashiri alama za mwaka wa kwanza. Hawakuahidi kwamba itabashiri uwakili mzuri, wala ujaji, wala uaminifu kwa mteja, bali mwaka wa kwanza wa darasani tu. Ahadi hiyo haijabadilika toka siku ile, na ukiwasoma LSAC, yaani baraza la shule za sheria linaloumiliki mtihani, ndicho kipimo wanachojitetea nacho mpaka leo. Kila kitu kingine kimebadilika: urefu, maswali, alama, karatasi, mahali pa kukaa. Lengo liko palepale.

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa kutwa nzima, sehemu kumi. Katika miongo yake ya mwanzo ulikuwa kapu la kila kitu. Kulikuwa na michoro ya maumbo ya kupanga kwa makundi, majedwali na grafu za kusoma, sentensi za kutafuta kosa la sarufi. Kulikuwa pia na sehemu moja ambayo ningependa ingerudi: unapewa kanuni ya sheria, unapewa kisa, unaambiwa kanuni hiyo inaamua vipi kisa hicho. Hiyo angalau ilifanana na kazi. Alama zilikwenda kuanzia 200 hadi 800. Mwanzoni mwa miaka ya 80 wakabadilisha kipimo kikawa kidogo, kinaanzia 10 na kuishia karibu na 50. Juni 1991 wakaleta kile tulichonacho leo, 120 hadi 180. Ukilala usingizi humo ndani mpaka kengele, unatoka na 120. Sijui mtihani mwingine wenye ukarimu kama huo.

Kuna badiliko moja la zama hizo ambalo halikuwa ndani ya mtihani wenyewe, na kwangu ni zito kuliko mengi. Mwaka 1979 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwalazimisha watunga mitihani wafichue maswali na majibu baada ya mtihani. Kabla ya hapo ulifanya, ukaletewa namba, na hukujua kamwe ulikosea wapi. Baada ya hapo karatasi zikaanza kutoka nje, na kuanzia ile ya Juni 1991 zimechapishwa kwa mfululizo, makumi kwa makumi. Mtihani uliodai kupima kipaji ukageuka kitu cha kufanyia mazoezi. Na palipo na mazoezi pana tuisheni, na palipo na tuisheni pana bei. Kozi za kampuni kubwa zilifika zaidi ya dola 1,000 zamani sana. Mwenye hela alinunua karatasi zote na mwalimu juu yake. Asiye nazo aliazima kitabu cha maktaba ambacho mtu ameshajaza majibu kwa peni.

Ndiyo tufike kwenye mafumbo.

Yaliingia mwaka 1982, pamoja na insha isiyokuwa na alama. Jina rasmi lilikuwa la kisomi, lakini watu wote waliyaita michezo. Mimi darasani nayaita mafumbo. Unapewa watu au vitu kadhaa, unapewa masharti, kisha unaulizwa nini lazima kiwe na nini hakiwezekani. Hebu tufanye moja, nimelitunga kwa mtindo wao ila nimelifupisha:

Wasemaji sita, Asha, Baraka, Chausiku, Dotto, Eliya na Fatuma, watahutubia siku sita, Jumatatu mpaka Jumamosi, kila siku mmoja. Baraka lazima amtangulie Dotto. Chausiku anahutubia siku inayofuata mara tu baada ya Asha. Eliya ni Alhamisi. Fatuma hawi wa kwanza wala wa mwisho. Je, Dotto akihutubia Jumatano, Jumanne ni zamu ya nani?

Usikimbilie kubahatisha. Chora vistari sita. Dotto weka Jumatano, Eliya Alhamisi. Zimebaki Jumatatu na Jumanne upande huu, Ijumaa na Jumamosi upande ule. Asha na Chausiku wanafuatana, kwa hiyo wanahitaji nafasi mbili zilizoshikana. Ukiwaweka Jumatatu na Jumanne, Baraka atasukumwa mwisho wa wiki, na yeye lazima amtangulie Dotto. Haiwezekani. Basi Asha ni Ijumaa, Chausiku Jumamosi. Wamebaki Baraka na Fatuma, na Fatuma hawi wa kwanza. Jumatatu ni Baraka. Jumanne ni Fatuma. Kila kitu kimejifunga chenyewe, na hakuna anayeweza kukubishia.

Utamu wake ndio huo, na wanafunzi wengi waliuchukia vibaya mno. Walikuwa wakiingia chumba cha mtihani wamesoma fasihi miaka minne, wanakutana na habari ya nani kakaa jirani na nani. Dakika 35, mafumbo manne, maswali ishirini na kitu. Ukikosea sharti moja mwanzoni, maswali sita yote yanakwenda na maji. Nimeona watu wazima wakilia.

Mimi nilijifia nayo. Nitasema kwa nini, maana hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na badiliko hili. Ukiitazama lugha ya fumbo lile, ni Kiingereza cha darasa la sita. Sentensi fupi, maneno ya kila siku, hakuna kejeli, hakuna methali, hakuna maana iliyojificha nyuma ya maana. Mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani anasimama sawasawa na aliyenyonya nacho. Kasi yake ya kusoma haimwangushi, kwa sababu kazi haimo katika kusoma, imo kwenye mistari unayochora. Na linafundishika. Mwanafunzi aliyeanza kwa kupata sita anaweza kuishia ishirini na tatu bila kukosa, kwa mazoezi tu ya nyumbani, bila kulipa mtu. Walimu wa mtihani huu karibu wote walikubaliana kwamba hapo ndipo alama zilipopandishwa kwa urahisi kuliko popote.

Ila tatizo liko kwenye neno nililolisema kama utani hapo juu: chora.

Angelo Binno, mtu wa Michigan asiyeona, aliomba shule za sheria na akashindwa kuvuka hapo. Mafumbo hayakumlazimisha mtu kuchora kwa maandishi ya kanuni, lakini kila kitabu, kila mwalimu, kila mtu aliyefaulu alichora. Nafasi nyeupe iliyoachwa kwenye karatasi ilikuwa ya kuchorea. Mwaka 2011 alikwenda mahakamani dhidi ya chama cha mawakili cha Marekani, ABA, kwa sababu ndicho kinachozitaka shule zitumie mtihani. Wakili wake wa mwanzo, Richard Bernstein, naye haoni; baadaye alichaguliwa kuwa jaji wa mahakama ya juu ya Michigan, na hilo peke yake lilitosha kujibu swali la kama mtu asiyeona anaweza sheria. Kesi ile ilitupwa: mahakama zilisema ABA siyo inayotunga mtihani. Mwaka 2017 akarudi, safari hii akiwashtaki LSAC wenyewe, na mwenzake asiyeona, Shelesha Taylor, akiwa pamoja naye. Oktoba 2019 wakapatana. LSAC wakakubali kutafuta njia nyingine ya kupima fikra za aina ile ndani ya miaka minne.

Wasidhani watu kwamba hii ilikuwa mara ya kwanza LSAC kusukumwa na watu wenye ulemavu. Kwa miaka mingi mtahiniwa aliyeongezewa muda kwa sababu ya ulemavu alama zake zilipelekwa shuleni zikiwa na alama ya pembeni, kwamba huyu hakufanya kama wenzake. Mwaka 2014, baada ya serikali kuingilia, wakakubali kuacha tabia hiyo na kulipa dola milioni 7.73. Kwa hiyo tusiwapambe. Mageuzi mengi ya haki katika mtihani huu yalipitia kwa hakimu.

Walipotafuta njia nyingine hawakuipata, au tuseme waliamua hawaihitaji. Walipitia matokeo ya mitihani zaidi ya 200,000 wakasema ukiyaondoa mafumbo na kuweka sehemu ya pili ya hoja mahali pake, uwezo wa mtihani kubashiri mwaka wa kwanza haupungui, na alama za watu kwa jumla hazibadiliki. Juni 2024 mafumbo yalifanywa mara ya mwisho. Agosti mtihani ukarudi na sehemu mbili za hoja, moja ya kusoma, na moja isiyohesabiwa ambayo huijui ni ipi.

Simlaumu Binno hata chembe. Mlango uliomfungia yeye ulikuwa umefungwa kwa ujinga, na alikuwa na haki ya kuuvunja. Ninachogomba nacho ni ile sentensi ya kwamba alama kwa jumla hazibadiliki. Kwa jumla! Wastani wa watu laki mbili unaweza kutulia kama maji ya mtungini huku ndani yake watu fulani wanapanda na wengine wanashuka. Nawajua wanaoshuka. Nakaa nao kila Jumamosi.

Kuna binti mmoja, Mbembe, wazazi wake walitoka Fizi, Kongo, yeye kazaliwa kambi ya Nyarugusu. Kule kambini shule za Wakongo zilifuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Nyumbani Kibembe, mtaani Kiswahili. Kiingereza alikianza alipofika huku, tayari kijana. Ni lugha ya nne, na ameshachukua digrii kwa lugha hiyo. Kwenye karatasi za zamani, mafumbo alikuwa anayamaliza na dakika zinabaki. Huko kwingine alikuwa wa katikati. Sasa mtihani wake wote umekuwa huko kwingine.

Nikuonyeshe huko kwingine kukoje. Hoja yenyewe mara nyingi si ngumu. Mathalani: tangu halmashauri iweke taa mtaa wa sokoni, wizi unaoripotiwa polisi umeongezeka; kwa hiyo taa zimewasaidia wezi kuliko wananchi. Mtoto yeyote wa mjini atakuambia kasoro iko wapi. Kuripotiwa kumeongezeka, wizi wenyewe hatujui. Labda sasa watu wanamwona mwizi, ndiyo maana wanakwenda kituoni. Umemaliza. Kisha unashuka kwenye majibu matano, na lile sahihi limeandikwa hivi: hoja inachukulia, bila kuthibitisha, kwamba badiliko katika idadi ya matukio yanayoripotiwa haliwezi kuwa limetokana na kitu kingine zaidi ya badiliko katika idadi ya matukio yenyewe.

Soma tena. Halafu ujue umepewa kama dakika moja na sekunde ishirini na kitu kwa kila swali, kwa maswali ishirini na tano hivi, mara mbili au mara tatu mfululizo.

"Dada, jibu nimelielewa," aliniambia siku moja, amekunja uso. "Ila nimelielewa nikiwa nimeshachelewa."

"Kasoro uliiona?"

"Niliiona kabla sijafika chini. Ni hawa wanaozungumza ndio sikuwaelewa."

Hapo ndipo ninapopata taabu. Wakili huyu wa kesho ameiona kasoro ya hoja mapema kuliko wengi. Kilichomkwamisha ni sentensi iliyosokotwa makusudi. Nikijibishana na nafsi yangu, nasema: mikataba nayo imesokotwa, hukumu nazo zimesokotwa, sheria ni kazi ya kusoma vitu vilivyoandikwa vibaya huku saa inakimbia. Ni kweli. Nalala na mafaili ya namna hiyo. Lakini ofisini hakuna aliyewahi kunipa sekunde themanini. Nikichelewa nachelewa kula, nikakisoma tena kifungu, nikampigia mwenzangu. Kupima umakini ni sawa. Kupima umakini na mbio kwa pamoja, halafu kuziita zote mbili akili, hilo sijalikubali tangu nilipokuwa mtahiniwa.

Nilikuwa mtahiniwa wa penseli, nimesema. Vijana wakinisikia wanacheka. Tuliruhusiwa mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani. Ndani yake penseli za mbao, kifutio, kitambulisho, kitu kidogo cha kutafuna, na saa ya mishale kwa sababu saa za tarakimu zilikatazwa. Penseli ya kusukuma risasi, hapana. Simu, ukikutwa nayo umekwisha. Mlangoni walichukua alama ya dole gumba. Na kabla ya kuondoka tuliandika tamko la kuthibitisha kwamba sisi ndio sisi, na ilitakiwa liandikwe kwa mwandiko wa kuunganisha herufi. Nilitazama kulia na kushoto nikawaona Wamarekani wamekwama, kalamu hewani, wanajaribu kukumbuka herufi zinavyoshikana. Mimi mwalimu wangu wa shule ya msingi alituchapa kwa ajili ya mwandiko. Nilimaliza wa kwanza. Ndiyo sehemu pekee ya siku ile niliyokuwa na hakika nayo.

Zama hizo mtihani ulifanyika mara nne kwa mwaka, na ukikosa Oktoba unasubiri Desemba. Kurudia kuliogopwa, kwa sababu shule zilikuwa zikiripoti wastani wa alama zako. Mwaka 2006 ABA ikabadilisha utaratibu, shule zikawa zinaripoti alama ya juu kabisa, na hapo mchezo wote ukageuka. Ikawa mwenye ada ya kurudia ana faida, na ada yenyewe leo imepita dola 200 kwa kila safari, bila kuhesabu gharama nyingine za maombi. Siku hizi mtihani upo karibu kila mwezi wa msimu, na unaruhusiwa mara tano ndani ya miaka mitano, mara saba maisha yako yote. Msimu wa 2009 hadi 2010, uchumi ulipoporomoka na vijana wakakimbilia shule, mitihani zaidi ya 171,000 ilifanywa. Miaka mitano baadaye imeshuka hadi kama 101,000. Wanaoomba sheria wanafuata hali ya soko kuliko wito.

Kompyuta ilipofika ilifika ghafla. Julai 2019 nusu ya watahiniwa walipewa karatasi na nusu wakapewa tableti, na kwa sababu walijua ni majaribio, waliwaruhusu waone alama kwanza, wakizikataa wazifute na warudie bure. Septemba yake karatasi ikawa imekufa. Insha nayo ikahamishiwa nyumbani, mtu anaandika kwa wakati wake. Halafu ikaja korona, na Mei 2020 mtihani mzima ukahamia vyumbani mwa watu, umefupishwa hadi sehemu tatu, msimamizi yuko mbali anakutazama kupitia kamera ya kompyuta. Agosti 2021 ile sehemu isiyohesabiwa ikarudishwa, lakini kufanyia nyumbani kukabaki.

Nyumbani kwa nani, ndilo swali. Sharti ni chumba peke yako, mlango umefungwa, hakuna sauti, intaneti haikatiki. Waliotunga sharti hilo hawajawahi kuishi watu tisa kwenye fleti ya vyumba vitatu. Kijana mmoja wa kundi langu aliufanyia kwenye chumba cha kuhifadhia viti vya kanisa, mchungaji kamkabidhi ufunguo. Kuanzia Agosti 2023 mtu aliweza kuchagua kituo, na mimi niliwaambia wote: kituo, kituo, kituo.

Sasa wezi wamelimaliza suala hilo. Maswali yalikuwa yakinaswa na kuuzwa, hasa kupitia mitihani ya mbali, na mwaka 2025 LSAC wakatangaza kusimamisha mtihani wa mtandaoni China bara baada ya Oktoba, na kwamba kuanzia Agosti 2026 walio wengi watarudi vituoni. Mzunguko umekamilika, ila bila penseli.

Watu wananiuliza kama si bora ufutwe tu. Shule nyingi zinakubali GRE siku hizi, mtihani wa jumla wa kuingia masomo ya uzamili. Arizona ilianza mwaka 2016, Harvard ikafuata mwaka uliofuata, na wengine wakafuata nyuma ya Harvard kama kawaida. Mwaka 2022 baraza la ABA linalosimamia shule za sheria lilipiga kura kuondoa sharti la mtihani kabisa. Februari 2023 mkutano wa wajumbe wa chama ukaikataa. Hoja za kuufuta si nyepesi. Kwa miaka mingi wastani wa watahiniwa weusi umekuwa kama 142 na wa weupe kama 153, na tofauti hiyo haikutokea kwenye vichwa vya watu, imetokea shuleni na mifukoni. Lakini wakuu wa shule za sheria karibu 60 waliandika barua kupinga kufutwa, wakihofia kwamba bila mtihani shule zitaegemea vitu vingine vinavyowapendelea waliokwisha kupendelewa. Hapo nakubaliana nao. Binti yangu wa Nyarugusu hana mjomba jaji wala barua ya seneta. Namba anaweza kuitafuta mwenyewe, usiku, baada ya zamu ya ghala. Ndiyo maana nagombana na mtihani huu juu ya namna unavyopima, wala sitaki uondoke.

Kuhusu vifaa, kwa wanaojiandaa: karatasi za zamani LSAC wamezipanga upya bila mafumbo, zinaanzia namba 101, na sehemu yake zipo bure kwenye tovuti yao ya LawHub. Vitabu vya mafumbo mnavyopewa na kaka zenu wa mwaka 2018 wekeni kando, hata kama vimefungwa vizuri. Insha ya siku hizi pia si ile ya kale; tangu 2024 unapewa mitazamo kadhaa juu ya jambo moja, dakika 15 za kujipanga na 35 za kuandika, ujenge hoja yako. Bado haina alama, lakini shule inaisoma, na kwa mtu wa lugha ya nne ni mahali pa kuonyesha kwamba Kiingereza chake kina mfupa.

Jambo la mwisho ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Alama zinadumu kama miaka mitano. Maana yake ni kwamba mpaka karibu mwaka 2029 mezani kwa ofisa wa udahili zitakaa faili mbili pamoja, moja ya aliyefanya Juni 2024 na mafumbo, nyingine ya aliyefanya Agosti bila hayo, zote zimeandikwa 163, na ofisa atazisoma kama kitu kimoja. Wakati huohuo alama za juu zimeongezeka: 170 iliyokuwa ya watu watatu hivi katika mia, sasa inakaribia watano. Binti wangu alishafanya wa Juni ule, akapata alama ambayo mimi naiona nzuri na yeye haitaki. Anataka kurudia mtihani mpya kwa sababu shule anayoitaka imepandisha wastani wake. Nimemwambia atume maombi kwa alama ya Juni, mapema, Septemba fomu zikifunguliwa, kabla viti havijajaa. Mtihani mpya aufanye tu akiwa ameshapata mahali pa kuanzia. Tumebishana juu ya hilo, na hatujamaliza.